Kufunga Si Kukomesha

Miongoni mwa maneno ambayo Kiingereza cha biashara kimetuletea, hakuna yaliyo madogo kwa sura na makubwa kwa matokeo kama yale yatangazayo ya kuwa kazi imesimama. Vijana wetu wajifunzao lugha hiyo, wengine kwa ajili ya mitihani na wengine kwa kutafuta kazi za ofisini, hupewa orodha ya maneno hayo wayakariri: “close down”, “shut down”, “wind up”, “wind down”, “lay off”, “phase out”, “pull out”, “write off”. Mbele ya kila neno huwekwa maana yake kwa Kiswahili, na mara nyingi maana hiyo ni moja tu kwa karibu yote, yaani kufunga. Tumezitazama orodha za namna hii, tukazilinganisha na barua na matangazo yafikayo vijijini, na twaona ya kuwa yafaa zipimwe kama kipimwavyo kitabu kingine chochote. Je, zasema kweli? Na kama hazisemi kweli, ni nani aumizwaye?

Huenda msomaji wa Mbamba Bay, au wa Liuli, au wa Lituhi, akatujibu: “Sisi tu watu wa nyavu na jembe, twavua usipa na mbasa, twalima mihogo na mpunga. Maneno ya wenye makampuni yatuhusu nini?” Twamwomba avumilie kidogo. Nyumba nyingi katika pwani hii ya Ziwa Nyasa zina mtoto, au ndugu, au mkwe aliyeandikwa kazi mahali: wengine katika machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, wengine katika ukoboaji wa kahawa huko Mbinga, wengine Songea, Mtwara na Dar es Salaam. Siku kazi ile inaposimama, barua huandikwa kwa Kiingereza, au kwa fikira za Kiingereza, kisha hugeuzwa kwa Kiswahili. Barua hiyo hupelekwa kwa mwalimu au kwa katekista aisome mbele ya wazee. Na hapo neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kumfanya mtu akae akingoja kitu kisichokuja, au aache kudai kitu kilicho haki yake.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana si haki kuilaumu tafsiri kabla ya kulielewa neno lililotafsiriwa. Kiingereza kina desturi ya kutwaa kitenzi cha kawaida na kukitia mkia wa neno dogo: “up”, “down”, “off”, “out”. Mkia huo ndio uamuao maana. “Down” hushusha kitu mpaka kikatulia, “up” hufikisha jambo mwisho wake, kama mtu alavyo hata akaisafisha sahani, “off” hutenga, “out” hutoa nje mpaka kitu kisionekane tena. Kwa hiyo “close” peke yake laweza kuwa ni kufunga mlango jioni tu, bali “close down” ni kufunga duka lisifunguliwe tena. “Shut down” hupenda mitambo: ni kuizima, na mtambo uliozimwa kwa matengenezo huwashwa tena. “Phase out” ni kuondoa kidogo kidogo. “Wind down” ni kupunguza kazi kuelekea mwisho wake, na “wind up” ni kuufikia mwisho wenyewe kwa njia ya sheria, hesabu zikafungwa na mali ikagawanywa.

Hapo ndipo mwanafunzi ajikwaapo. Amefundishwa ya kuwa “up” ni juu na “down” ni chini, naye hudhani ya kuwa maneno haya mawili hupingana. Kumbe yamo katika njia moja, la kwanza likielekea kwa la pili. Tena “wind up” likisemwa juu ya saa ya ukutani, maana yake ni kuitia ufunguo ili iende. Likisemwa juu ya kampuni, maana yake ni kuimaliza. Hata wenye lugha hawapatani wao kwa wao. Katika sheria ya Uingereza, “lay off” ni kumweka mtu nyumbani kwa muda kwa kukosa kazi ya kumpa, naye bado yu mfanyakazi. Huko Marekani, watu hulisema neno hilo hilo juu ya mtu aliyeachishwa kazi kabisa. Basi orodha itoayo jibu moja, bila kuuliza barua imeandikwa na nani na katika nchi gani, imemwacha mwanafunzi katikati ya njia.

Maneno haya ya Kiingereza yana sifa nyingine ambayo hatuisifu. Yamruhusu mwandishi aseme ya kuwa kiwanda kimejifunga, kana kwamba upepo wa mwera umeuvuta mlango. Aliyefunga hatajwi, sababu haitajwi, na msomaji asipokuwa mwangalifu hatauliza. Desturi hiyo imeingia katika Kiswahili cha matangazo pamoja na maneno yenyewe, na twaona ya kuwa ndiyo hasara kubwa kuliko makosa ya kamusi.

Sasa tulitazame neno letu. Kufunga ni neno jema lenye kazi nyingi, na kwa sababu hiyo hasa halifai kuubeba mzigo huu peke yake. Twafunga mlango, twafunga mzigo, twafunga mkutano. Twafunga safari, na hapo ndipo safari ianzapo. Twafunga ndoa, na hapo ndipo nyumba ijengwapo. Zaidi ya yote twafunga shule. Kila mtoto wa kijijini ajua ya kuwa shule ikifungwa itafunguliwa, mwalimu atarudi, na madaftari yafaa kutunzwa. Mtu aliyeizoea maana hiyo tangu utoto wake, akisomewa ya kuwa kiwanda kimefungwa, moyo wake huuliza mara moja: kitafunguliwa lini? Neno limempa tumaini ambalo mwandishi hakukusudia kumpa, au ambalo hakutaka kulikanusha.

Wala hakuna haja ya kusingizia umaskini wa lugha. Kiingereza hutia mkia nje ya kitenzi; Kiswahili hufanya kazi ile ile ndani ya kitenzi chenyewe, tena kwa uangalifu zaidi. Tazama: duka limefunga, duka limefungwa, duka limefungiwa. Herufi zilizozidi ni chache, lakini habari ni tatu. Katika ya kwanza, kazi ya siku imekwisha. Katika ya pili, yuko mtu aliyelifunga, na msomaji aweza kuuliza ni nani. Katika ya tatu, mwenye mamlaka ametoa amri, wala mwenye duka hana ruhusa ya kulifungua mpaka amri iondolewe. Hali kadhalika kuvunjika na kuvunjwa. Mpini wa jembe huvunjika kwa uchakavu. Mpini uliovunjwa una mvunjaji. Hali kadhalika kufilisika, ambako mtu huishiwa mali, na kufilisiwa, ambako mali yake hukusanywa na mwingine ili wadai walipwe. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kuandika kitenzi hata kimoja cha namna hii pasipo kuchagua, na kila uchaguzi hutoa ushahidi juu ya aliyetenda.

Na tuyapime maneno haya kwa mambo yaliyotokea kweli, hasa upande wetu wa kusini.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 ilitangazwa ya kuwa mpango ule kama ulivyokusudiwa umeachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 kikafutwa katika hesabu. Hilo ndilo “write off” la Kiingereza, na kufuta ni tafsiri yake halali, kama chaki ifutwavyo ubaoni. Lakini msomaji aangalie sana neno hili lina pande mbili. Deni likifutwa, mdaiwa hushangilia. Mali ikifutwa hesabuni, mwenye mali amepata hasara. Orodha yenye neno kufuta peke yake haisemi kama ni siku ya kushangilia au ya kulia. Tena kilichofutwa ni hesabu tu zilizoko London. Ardhi iliyofyekwa na miti iliyong'olewa Nachingwea haikufutwa kwa kalamu.

Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ikapelekwa bara hata Nachingwea. Karanga hazikuja kama zilivyotazamiwa, na mwaka 1962 njia ile ya reli ikafungwa. Tunaandika “ikafungwa” kwa kuwa ndivyo wengi wasemavyo, lakini hapa neno hilo halitoshi. Njia iliyofungwa yaweza kufunguliwa kesho. Njia ile, vyuma vyake viling'olewa. Neno la kweli ni kung'oa, na kila mkulima alijua. Mzee aliyeambiwa mwaka 1962 ya kuwa reli imefungwa angaliweza kupanda mazao akitazamia garimoshi. Mzee aliyeambiwa ya kuwa reli yang'olewa angalitafuta njia nyingine ya kuyafikisha mazao yake sokoni. Mpango wa reli mpya, kutoka Mtwara hata Mbamba Bay yetu, umesemwa kwa miaka mingi. Lakini reli mpya ni kujenga upya, si kufungua kilichofungwa.

Tuje kwa vyama vya ushirika, ambavyo wazee wa nchi hii wavijua vema. Chama Kikuu cha Wangoni na Wamatengo kiliandikishwa mwaka 1936 ili kuuza tumbaku ya wakulima. Mwezi wa Mei 1976 serikali iliviondoa vyama vikuu vya ushirika katika nchi nzima, na kazi yao ikapewa mashirika ya mazao na vijiji. Katika habari hii watu husema “vyama vilivunjwa”, nasi twalisifu neno hilo, kwa kuwa lasema kweli: havikuvunjika kwa uzee, vilikuwa na mvunjaji, na mvunjaji alijulikana. Hata sheria ya 1982 ilipovirudisha, ilikuwa wazi ni nani aliyevunja na ni nani anayejenga tena.

Bali habari ya MBICU, chama kikuu cha Mbinga kilichouza kahawa ya Wamatengo, ni nyingine. Chama hicho kilianguka katika miaka ya 1990, kikilemewa na madeni, katika miaka ile ile ambapo soko la kahawa lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Wakulima walikuwa wamezoea kupata mbolea na dawa za mikahawa kwa mkopo kupitia chama chao. Mtu akisema tu ya kuwa MBICU “kilifungwa”, amewanyima wajukuu elimu. Akisema kilifilisika, wajukuu watauliza: deni lilitoka wapi? Ni nani aliyeweka hesabu? Maswali hayo ndiyo yatakayowasaidia kukilinda chama kipya, na neno baya huyaua kabla hayajazaliwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ni mfano wa tatu. Husemwa ya kuwa ilivunjika mwaka 1977, na shirika lake la ndege, East African Airways, lililoanza mwaka 1946, likakoma mwaka huo. Kuvunjika hapa ni neno la haki, kwa maana wenzi walikuwa watatu, na ugomvi wa watu watatu si rahisi kumtwika mmoja. Lakini kuvunjika si kumalizika. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi mwaka 1984, miaka 7 baadaye. Na miaka ya 2000 ilipoingia, wazee wa Tanzania waliokuwa watumishi wa Jumuiya walikuwa wangali wakidai malipo yao barabarani Dar es Salaam. Mtungi ulikuwa umevunjika zamani, na vigae vilikuwa bado vyakata miguu ya watu.

Mifano hii mitatu yatuonyesha ya kuwa kuna maneno manne, wala si moja: kung'oa, kuvunja, kufilisika, kuvunjika. Hakuna hata moja lililohitaji kubuniwa. Yote yamo vinywani mwa watu.

Tumefika sasa kwenye neno ambalo twalilaumu kuliko yote kwa jinsi litumiwavyo siku hizi, nalo ni kusitisha. Mzizi wake ni kusita, yaani kusimama kidogo kwa mashaka, kama mtu afikapo njia panda. Basi kusitisha ni kufanya jambo lisite. Twasema vema kusitisha mapigano, kwa kuwa majeshi husimama na bunduki zingali mikononi. Lakini barua nyingi siku hizi husema “tunasitisha ajira yako”, na mwandishi akusudia kusema ya kuwa kazi imekwisha kabisa. Mwandishi ametafuta neno laini, akapata neno la uongo.

Wazee wa Liuli wanaweza kutusaidia kwa mfano wa nyumbani kwao. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika hapo, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ikaishambulia meli yao Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ile haikuzama. Iliharibiwa isiweze kwenda, na baada ya miaka ilitengenezwa, ikarudi majini chini ya Waingereza kwa jina jingine. Huko ndiko kusimamisha. Lau kama ingalizamishwa katika kilindi cha ziwa, hiyo ingalikuwa kukomesha. Mvuvi hatawachanganya hawa wawili, maana chombo kilichosimama hutiwa kalafati, na chombo kilichozama huombolezewa. Kwa nini basi mwandishi wa barua awachanganye?

Na tuone jinsi kosa hilo limgharimuvyo mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa ya kusudi lake mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe, juu ya njia za kuliepuka jambo hilo, juu ya jinsi watakavyochaguliwa watakaoondoka, na juu ya malipo yao. Sheria hiyo iliweka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia wa kazi, mpaka miaka 10, kwa mtu aliyetimiza miezi 12 kazini. Na kanuni za mwaka 2007 zilimpa mtu aliyeachishwa kazi siku 30 za kupeleka lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; aliyechelewa hana budi kuomba asamehewe kwa sababu njema.

Sasa fikirini kijana aliyepata barua ya kusitisha. Arudi nyumbani Mbamba Bay, akishuka na barabara ya Mbinga, na kuwaambia wazazi: “Kazi imesita, nangoja kuitwa.” Wazazi wafurahi kumwona, wampe nyavu asaidie wakati wa kungoja. Wiki ya kwanza yapita, na ya pili, na mwezi watimia. Siku amtumiapo mwenzake ujumbe kuuliza habari, aambiwa ya kuwa wengine walikwisha peleka madai yao zamani, kwa kuwa mmoja wao alikuwa na shemeji mwenye kujua sheria. Kijana huyu hakunyang'anywa kitu kwa nguvu, wala hakuna aliyemwambia asidai. Neno moja ndilo lililomwambia angoje.

Kupunguza nako kwataka kuangaliwa. Katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yalipouzwa au kumalizwa, msemo ulienea nchini kote: fulani amepunguzwa. Twaelewa ya kuwa idadi ya wafanyakazi ndiyo iliyopunguzwa. Lakini kitenzi kimehama kutoka idadi na kumkalia mtu. Chumvi hupunguzwa, mzigo hupunguzwa. Mtu hapunguzwi. Mtu aliyeitwa aliyepunguzwa hurudi kijijini kana kwamba ana kasoro fulani, na watoto wake huulizwa shuleni. Yafaa kusema kwa ukamilifu: shirika limepunguza idadi ya wafanyakazi wake, na fulani ameachishwa kazi kwa sababu hiyo, si kwa kosa lake. Sentensi ni ndefu zaidi, na heshima ya mtu imo ndani yake.

Neno la mwisho tutakalolipima ni kufilisi, ambalo hutumiwa kwa “wind up”. Katika mambo mengi ni tafsiri sahihi, na yafaa lizidi kufundishwa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki 5 ndogo, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi Njombe, jirani zetu wa kaskazini, na kazi ya ufilisi ikapewa Bodi ya Bima ya Amana. Waliosikia tu ya kuwa “benki imefungwa” waligawanyika, kama ilivyo kawaida ya neno hilo: mmoja husema itafunguliwa, mwingine husema fedha zimekwisha potea. Wote wawili hukaa nyumbani. Bali aliyeelewa maana ya kufilisi alijua jambo la tatu: ya kuwa yuko mfilisi, ya kuwa mali ya benki hukusanywa na kugawanywa kwa utaratibu, na ya kuwa kwa kiwango cha wakati ule bima ilimlipa mwenye akiba hadi shilingi 1,500,000, na aliyekuwa na zaidi alidai salio kwa mfilisi. Huyu alichukua kitabu chake cha benki akaenda.

Hata hivyo, kufilisi lina kasoro moja. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 yaruhusu kampuni iwezayo kulipa madeni yake yote imalizwe kwa hiari ya wenye hisa, pengine kwa kuwa kazi iliyoundiwa imetimia. Kiingereza huita jambo hilo pia “wind up”. Tukisema kampuni hiyo inafilisiwa, majirani watadhani imefilisika, na jina jema la watu litachafuka bure. Hapo twapendekeza kusema ya kuwa kampuni yamalizwa kwa hiari, na kuliacha neno kufilisi kwa mahali penye madeni yasiyolipika.

Yapo mashauri mawili ambayo mtu mwenye busara aweza kuyaleta juu ya haya tuliyoyasema.

La kwanza ni hili: Kiswahili hakina maneno ya biashara, basi tusilaumu. Tumekwisha jibu kwa mifano. Hata hivyo twaongeza. Wasafiri wa pwani waliokwenda bara na mizigo walisema kufunga virago, na kila aliyesikia alijua ya kuwa kambi yavunjwa na watu waondoka. Hilo ndilo “pull out”, tena lina picha iliyo wazi zaidi. Mabaharia walisema kutia nanga, na kila mtu alijua ya kuwa chombo kimetulia na kamba ingalipo. Kuzima hutosha kwa mtambo. Kuahirisha hutosha kwa jambo lililosogezwa mbele, na kufuta kwa jambo lisilofanywa tena. Kukomesha hutosha kwa mwisho usio na marudio. Ghala imejaa; mwenye nyumba ndiye aendaye kuazima chumvi kwa jirani.

La pili lina nguvu zaidi, nasi twaliheshimu. Mtu atasema: Waswahili ni watu wa adabu, hatusemi “amekufa”, twasema “ametutoka”. Je, si upole uo huo utufanyao tuseme kusitisha badala ya kukomesha? Twajibu ya kuwa tafsida ni jambo jema, lakini tazameni kazi yake. Asikiaye “ametutoka” huelewa mara moja ya kuwa pana maziko. Huacha jembe na kwenda matangani. Tafsida imeupoza uchungu, wala haikuificha habari. Bali asikiaye “ajira imesitishwa” hajui kama pana maziko au pana safari. Huo si upole, ni kiza. Tena msiba hauna mdai, na mwisho wa kazi una wadai wengi: mshahara wa siku zilizofanywa kazi, likizo isiyochukuliwa, kiinua mgongo. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuliita kwa jina tamu.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Maneno yetu sasa yataweza kupimwa na hakimu. Mwajiri atasema: “Niliandika kusitisha, nikimaanisha kukomesha.” Mfanyakazi atasema: “Nilisoma kusitisha, nikaelewa kungoja.” Hakimu ataamuaje, ikiwa shuleni hatukumfundisha hata mmoja wao tofauti?

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wafundishao Kiingereza cha biashara waziache orodha za neno moja kwa neno moja. Kila kitenzi na kiwekwe ndani ya habari kamili, na mwanafunzi aulizwe maswali matatu kabla ya kutafsiri. Je, kazi imesimama kwa muda, au imekwisha? Ni nani aliyeisimamisha? Na ni nani atakayelipa yaliyobaki, na lini? Mwanafunzi akiyajibu hayo, neno la Kiswahili litajileta lenyewe: kusitisha au kukomesha, kufunga au kufungiwa, kuvunjika au kuvunjwa, kufilisika au kufilisiwa. Na kama barua ya Kiingereza haitoi jibu kwa maswali hayo, ajifunze kusema wazi ya kuwa barua haijibu, wala asiijazie kwa maneno yake.

Nao wasomaji wanaosomea jirani zao barua, wawe katekista au mtoto wa darasa la saba, wasione haya kuyauliza maswali hayo hayo kwa sauti mbele ya wazee. Barua isiyoyajibu irudishwe kwa aliyeiandika, kwa adabu, kwa maandishi, na nakala yake itunzwe nyumbani. Na tarehe barua ilipopokewa iandikwe pembeni kwa wino, maana siku za kudai huhesabiwa.